Mkeka wa Nauli ya Voi

Bwana Fanuel aliubandika mchoro wake kwenye ukuta wa ofisi ya tiketi kwa uji wa unga wa ngano, na kuku wa Bwana Muhdhar wakaanza kuudonoa kabla haujakauka. Aliwafukuza kwa rula, akarudi nyuma kidogo, akautazama kama mzazi anavyomtazama mwanawe aliyevaa kanzu mpya siku ya Idi. Ulikuwa mchoro wa nguzo za rangi zilizosimama bega kwa bega, na kila nguzo ilikuwa nauli ya kutoka Faza kwenda mji fulani, kwa boti, kwa basi na kwa gari la moshi. Nguzo ya Kampala ilikaribia boriti za dari. Nguzo ya Voi, kando yake, ilikuwa fupi kama mtu aliyechutama. Ungedhani huko watu huenda bure.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mchoro. Bwana Muhdhar, mwenye boti na wakala wa tiketi, alikuwa amechoka na watu wanaosimama dirishani kuuliza mbona ghali. Alimleta Fanuel kutoka bara, karani aliyesomea kuchora hesabu, naye Fanuel akasema kwamba watu hawapendi tarakimu. Watu hupenda picha. Ukimwonyesha mtu picha ya nauli kubwa kuliko yake, hulipa yake na kushukuru.

Bi Saadiya alikuwa wa kwanza kuingia asubuhi ile, na hakuja kutazama picha. Binti yake Nana alikuwa Voi, ameolewa na Amini, mshika bendera wa reli, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwao mwanamke huzaa mimba ya kwanza mikononi mwa mamake. Hata mwanamke aliyegombana na mamake hupatana naye kwa ajili hiyo, kisha hugombana tena arubaini ikisha. Nana angekuja Faza mwenyewe, lakini kwa Bwana Muhdhar mwenye mimba hulipa nauli ya watu wawili, na Amini hakuwa na likizo wala mshahara wa kulipia tumbo. Basi ilibidi mama aende. Alikuwa na akiba ya mikeka aliyouza, na masikioni alikuwa na majasi yake ya dhahabu. Akiba ingempeleka, majasi yangebaki pale pale, ili aingie Voi kama mama wa mtu.

Lakini alipouona mchoro alisahau nauli. Faza mtu akitaka mkeka hapigi mbiu. Hutundika mfano wa rangi mlangoni au ukutani, na msusi wa kwanza kuuona ndiye mwenye kazi. Mkataba ni huo, na hakuna aliyewahi kuuvunja.

"Mkeka wa nani huu?" aliuliza.

"Si mkeka, mama. Ni grafu."

"Mimi si mamako, mimi ni Bi Saadiya. Na jina la mkeka silijali. Pindo lake rangi gani?"

Fanuel alikuwa amekaa Faza muda wa kutosha kujua kwamba kubishana na mwanamke wa mji ule ni kutwanga maji. Isitoshe, tangu afike hakuna mtu aliyemwuliza jambo lolote kuhusu michoro yake. Akavuta kigoda. Bi Saadiya akamweleza kwamba mkeka hauanzi na nguzo. Mkeka huanza na ukili, utepe mrefu uliosukwa kwa miyaa, yale majani makavu ya mkindu, na kili zikiwa tayari hushonwa moja kwa nyingine mpaka mkeka ukatimia. Kwa hivyo alitaka kujua hiyo nguzo ya Voi ndani yake mna kili gani, na upana wake.

Fanuel akamwambia. Alimwambia kwa furaha, kama mtu anayeonyesha mifuko mingi ya koti lake. Kwanza boti hadi Mokowe. Kisha ada ya kupanda boti na ada ya kushuka. Kisha ada ya ulinzi, maana ilikuwa miaka ya shifta, wale majambazi wa barabarani, na hakuna aliyependa kupita Witu bila ulinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa shemeji yake Bwana Muhdhar, mwenye rungu moja, ambaye hulala tangu Mokowe mpaka Garsen. Kisha basi, ambalo lilikuwa la shemeji mwingine, na halimpakii mtu asiye na muhuri wa Bwana Muhdhar. Kisha ada ya muhuri. Kisha vivuko. Kisha ada ya picha.

"Picha ipi?"

"Hii," Fanuel akaelekeza rula ukutani. "Wino na karatasi si bure, mama. Bi Saadiya."

"Na gari la moshi?"

"Ah, hilo ni dogo. Mombasa hadi Voi, daraja la tatu. Lina bei yake, haipandi haishuki. Uzi tu."

Bi Saadiya akaenda nyumbani, akachovya miyaa katika rangi.

Alisuka kwa uaminifu, kwa sababu ukili hauna siri: ukiuongeza upana huku bila kuuongeza kule, mkeka hupinda kama mdomo wa mtu aliyelamba shubiri. Boti aliipa rangi ya kijani. Basi lilipata manjano. Reli ikawa nyeusi, nyembamba kama wanja. Voi yenyewe aliipa wekundu wa udongo, maana Nana aliwahi kumwambia kwamba huko hata kuku weupe ni wekundu. Ada zote za Bwana Muhdhar alizisuka kwa miyaa isiyochovywa, kwa kuwa Fanuel hakumtajia rangi yake, nazo ndizo zilizokula sehemu kubwa ya mkeka. Alishona ukili wa mwisho baada ya sala ya alasiri, akautandaza ukumbini.

Asubuhi jirani yake Swafiya alikuja kuomba moto, akasimama kizingitini na leso puani.

"Shoga, mkeka wako una jipu."

"Naliona."

"Likamue."

"Nimelikamua. Limerudi."

Jipu lilikuwa kwenye ukili wa ulinzi. Lilikuwa limeiva, na kichwa chake kilikuwa cha manjano. Ukili wa muhuri nao ulikuwa ukitoa maji mazito yenye harufu ya papa aliyekosa chumvi, na ukili wa picha ulikuwa na funza wadogo wanene, wanaosogea kwa mpango, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu waliokata tiketi. Ukili wa boti ulikuwa mzima. Ule wa reli ulikuwa mkavu, na ukiugusa ulikuachia masizi kidoleni. Swafiya aliinama, akatia sikio.

"Hapa panavuma," alinena.

"Hilo ni gari la saa tatu."

"Na hapa mwisho mbona pana joto?"

Bi Saadiya akaweka kiganja juu ya wekundu wa Voi. Palikuwa na joto kama ngozi ya mtu aliyetoka kulala. Kitu kikampiga teke, dogo, la chini kwa chini.

"Huyo ni mjukuu wangu," alisema, na akauondoa mkono taratibu asimwamshe.

Waliukunja mkeka na kuupeleka kwa Bwana Muhdhar, usaha ukidondoka njiani na paka wakiufuata. Bwana Muhdhar alikuwa amekaa kibarazani kwake na tasbihi mkono mmoja na tambuu mkono wa pili. Alikuwa mtu wa swafu ya kwanza msikitini, na ndevu zake zilinukia udi. Alitema mate mekundu pembeni, akatazama.

"Mimi sikuagiza mkeka."

"Umetundika mfano," Bi Saadiya alimwambia.

Hilo hakuweza kulipinga. Akamlipa nusu ya bei, akisema nusu ya pili imeliwa na harufu, na akaamuru mkeka utandazwe ofisini, chini ya mchoro.

"Na huu usaha, Bwana Muhdhar?"

"Usaha ni wa ndia, Bi Saadiya. Ndia zote nti hii zina usaha. Mimi ni mwenye boti tu."

Akatia tambuu nyingine. Bi Saadiya alimtazama akitafuna, shavu likivimba na kunywea kama lile jipu, na mate yakamjaa yeye mwenyewe kinywani, naye hakuwa mtu wa kutema mbele ya watu. Akayameza. Ndicho kitu kibaya zaidi alichowahi kumeza, na aliwahi kunywa shubiri na mafuta ya papa.

Watu walizoea. Mtu huzoea kaburi, sembuse mkeka. Walijifunza kuusoma kuliko walivyousoma mchoro wa Fanuel. Mwenye safari aliingia na leso puani, akazunguka mkeka upande wa dirisha, akatazama jipu la ulinzi limefura namna gani. Mishahara ya makarani ikitoka, lilifura hadi likang'aa, kwa sababu ada ilipanda. Siku za mvua, wasafiri wakiwa wachache, lilinywea na ada ikashuka kidogo. "Nenda Jumanne," watu waliambiana sokoni, "limekauka." Wengine waliingiza kidole cha mguu kwenye ukili wa basi kujua kama kuna matope Garsen. Mtu mmoja wa Mbwajumali alisimama juu ya ukili mweusi hadi suruali ikajaa masizi, akaenda zake akisema ameshapanda gari la moshi na halina maajabu.

Waliokuwa wakienda Voi waliiona barabara yote mbele yao, ilivyo hasa, pamoja na kila funza. Kisha walikwenda dirishani wakalipa, kwa sababu boti ilikuwa moja.

Afisa mmoja alikuja kutoka Lamu kukagua habari za harufu. Alikuwa mtu wa soksi nyeupe, na alisafiri kwa hati ya serikali, ambayo haina nauli. Alipita juu ya mkeka kutoka Faza hadi Voi na kurudi, mikono nyuma, na soksi zake zikatoka nyeupe kama zilivyoingia.

"Harufu gani?" aliuliza.

Bwana Muhdhar alimpa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Afisa akaandika kwamba ofisi ni safi, akashauri wafukize udi. Basi ikazuka ada ya udi. Na kwa kuwa watu walikuja kuutazama mkeka bila kununua tiketi, ikazuka ada ya mkeka, nayo ikatiwa katika nauli ya kila mtu, awe ameutazama au amefumba mato.

Ada hiyo ndiyo iliyomkwamisha Bi Saadiya. Alikuwa amesimama dirishani na akiba yake imefungwa kwenye pindo la leso, na Fanuel akamwambia imepungua.

"Imepunguaje? Wiki iliyopita ilitosha."

"Wiki iliyopita hakukuwa na ada ya mkeka."

"Mkeka nimeusuka mimi!"

"Najua, Bi Saadiya. Ni mzuri." Fanuel alisema kweli, na alikuwa na huruma usoni. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Yeye naye alisafiri kwa hati, ya Bwana Muhdhar, bila nauli. "Lakini ada ni ada. Hata mimi nikitaka kukuondolea, nitaiweka wapi?"

Angeweza kuuza majasi siku ile ile. Swafiya alimwambia ayauze. Lakini Bi Saadiya alikuwa na kiburi chake, na kiburi cha maskini ni kama chumvi, ukikiondoa hakuna kinachobaki kulika. Alisema atasuka mikeka mingine miwili, myepesi, auze, apande boti na dhahabu yake masikioni. Kila asubuhi kabla ya kusuka alipita ofisini, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka, akaweka kiganja juu ya Voi. Mateke yalikuwa ya nguvu. Kisha yakawa machache, kama ya mtu aliyekosa nafasi ya kugeukia. Bi Saadiya alijua maana yake, na vidole vyake vikasuka upesi mpaka vikachubuka.

Alikuwa akishona mkeka wa pili Swafiya alipokuja mbio, buibui limeshikwa mkononi.

"Ndoo upesi, shoga! Mwisho wa mkeka pamelowa. Na si usaha."

Ofisi ilikuwa imejaa. Ilikuwa siku ya tiketi, watu wamepanga foleni kuzunguka ukuta, leso puani, na udi ukifuka bure. Bi Saadiya hakuzunguka upande wa dirisha kama wengine, maana upande ule palikuwa na watu na magunia. Alipita katikati. Alipita juu ya muhuri, nao ukamfika kwenye vifundo vya miguu, mzito na wa vuguvugu. Alipita juu ya picha, funza wakapasuka chini ya nyayo zake. Jipu la ulinzi lilipasuka alipolikanyaga, likamrukia hadi magotini, na mtu mmoja kwenye foleni akatapika ndani ya kofia yake. Akavuka masizi. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akapenyeza mkono wa kulia kati ya ukili wa mwisho na pindo. Ukazama hadi kwenye kiwiko.

Upande wa pili palikuwa na joto na palikuwa na goti. Alilijua goti lile. Lilikuwa na kovu la zamani, tangu Nana alipoanguka juu ya kokoto akikimbizana na wenziwe.

"Mkono wa nani huu?" ilisikika sauti ya mwanamke kutoka ndani ya mkeka, sauti ya mtu wa bara, mwenye kazi mikononi.

"Wangu. Mamake Nana."

"Mimi ni Wamuyu, mkunga. Umechelewa, mama."

"Nauli, mwenzangu."

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Haya, shika hapa. Nikimwambia sukuma, wewe usivute. Pokea tu."

Foleni ilisogea. Fanuel alimwuzia mtu wa nyuma tiketi ya Malindi, kwa sauti ya chini ili asisumbue. Nana alilia mara moja, kwa jina la mamake, na Bi Saadiya akamjibu, "Nipo, mwanangu, mkono upo." Kisha kitu cha mviringo, chenye unyevu, kikakaa kiganjani mwake, kikalingana na kiganja sawasawa. Akakipokea. Akapitisha kidole gumba kwenye paji la uso, pua, mdomo. Mdomo ukafunguka, ukapiga kelele, na kuku wa Bwana Muhdhar wakaruka kutoka dirishani.

"Mwanamke," alisema Wamuyu. "Ana nywele nyingi. Toa mkono sasa, nimfunge kitovu."

"Kidogo tu."

"Toa, mama. Mkeka wako unabana."

Alitoa mkono. Kili zikakutana, pindo likalala, na pale palipokuwa na joto pakaanza kupoa kama sufuria iliyoepuliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na damu safi na vumbi jekundu chini ya kucha. Miguu yake, kuanzia magotini kwenda chini, ilikuwa ya Bwana Muhdhar.

Swafiya akapiga kigelegele. Kilikuwa kifupi, kwa sababu ya harufu.

Bwana Muhdhar aliingia kutoka barazani, tasbihi mkononi. Akampa hongera, akamwombea mtoto umri mrefu na imani, na foleni ikaitikia amina. Kisha akamgeukia Fanuel.

"Bi Saadiya amefika Voi. Mkatie tiketi yake."

"Hajatoka hapa!" Swafiya alipiga kelele. "Magoti yake hayo, yako Faza!"

"Mkono umefika. Mkono ni wa nani?"

Fanuel aliutazama mchoro wake, akipitisha rula nguzo moja hadi nyingine, akitafuta kwa dhati mahali pa mkono. Hakupaona. Pasipokuwa na nguzo ya mkono, ilibidi kutumia nguzo ya mtu mzima.

"Pamoja na ada ya ulinzi?" aliuliza.

"Amepita Witu, hakupita?" alisema Bwana Muhdhar. "Na hakuna shifta aliyemgusa."

Bi Saadiya akatazama shavu lile likitafuna. Akainuka, akafungua leso, akaweka dirishani akiba yake pamoja na bei ya mkeka mwepesi wa kwanza. Fanuel akahesabu, akaweka muhuri kwenye tiketi, kisha kalamu yake ikasita.

"Kwenda tu, Bwana Muhdhar, au kwenda na kurudi?"

Bwana Muhdhar alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, aliyekuwa Faza.

"Kwani hajarudi?"

Bi Saadiya aliinua mkono wa kushoto akavua jasi la kushoto, kisha jasi la kulia. Yote mawili aliyavua kwa mkono ule ule wa kushoto, uliokuwa umeegemea goti na kulowa usaha, na akayaacha dirishani yakiwa vivyo hivyo. Bwana Muhdhar akayachukua, akayafuta kwenye kanzu, akayatia mfukoni. Mkono wa kulia Bi Saadiya aliuweka kifuani, ndani ya buibui, usimguse mtu.

Nyumbani aliosha miguu mpaka birika likaisha, na Swafiya akaleta jingine. Mkono hakuuosha. Alikaa nao ukumbini, tupu masikioni, mpaka mwadhini alipoadhini magharibi na ikabidi atie udhu. Aliuacha wa mwisho. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu ya udongo, na aliyamwaga chini ya mchicha wake, mahali pasipopitwa na watu.

Kesho yake Bwana Fanuel alikoroga uji wa ngano, akabandika kipande cha karatasi pembeni ya mchoro. Ilikuwa nguzo mpya, ya kijani, fupi kuliko zote: Faza hadi Voi, kwa mkono. Ilionekana rahisi sana kando ya ile ya Kampala. Kabla ya adhuhuri wamama wanane walikuwa wamepanga foleni, leso puani, mikono yao ya kulia imefunuliwa hadi kwenye kiwiko, na ukili wa ulinzi ulikuwa umeshafura upya.